Betri Nzito ya Hombo

Mkono wa kuume wa Isidore ulikuwa na jina lake peke yake. Kule Bisie, wakati mlima bado ni wa watu wa nyundo na patasi, waliuita Balance, yaani mizani. Umebeba mfuko wako wa kasiterite, mawe ya bati, msituni mpaka mabega yamechubuka, umeutua chini, Isidore anakuja, anaingiza mkono, anachota konzi moja, anaipandisha na kuishusha kidogo hewani huku amefumba jicho moja, kisha anakuambia mbele za watu: "Humu muko muchanga." Na kweli mchanga unakuwamo. Konzi nyepesi ni uongo, konzi nzito ni madini. Mkono ule haukuhitaji zaidi ya hapo. Wanunuzi waliofika na mizani zao walimwita yeye kwanza, mizani baadaye. Sifa za namna hiyo zikimkolea mtu angali kijana, hazimtoki upesi. Mlima ulipopewa kampuni yenye mashine na uzio, wachimbaji wakatawanyika kila mtu na njia yake, Isidore naye akaondoka hana kitu mfukoni. Lakini mkono alikuja nao.

Alihamia Itebero, akajifunza kutengeneza simu, halafu redio, halafu kompyuta, katika kibanda cha mbao kando ya barabara iendayo Hombo. Asinyimwe haki yake: alijifunza vizuri, na watu walimwamini. Hapo ndipo alipompata Bénédicte. Au tuseme ukweli, Bénédicte ndiye aliyempata, maana alileta simu isiyo na ubaya wowote, akaiacha, akarudi nayo tena wiki iliyofuata ati bado haisikiki.

Mama yake Bénédicte hakufurahi. Mama Colette alikuwa mkuu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu wa maneno machache ambaye nusu ya Itebero ilijifunza kuandika chini ya fimbo yake. Habari za posa zilipomfikia alisema neno ambalo Isidore aliletewa siku hiyo hiyo, kwa kuwa maneno ya namna hiyo hayakosi wa kuyabeba. "Batu ba carré beko na leo tu," alisema, akimaanisha watu wa machimboni. "Kesho habana." Aliyemtetea ni baba mtu, Papa Jean-de-Dieu, mwindaji na katekista. Yeye alikaa kibandani kutwa nzima akimtazama kijana akifungua redio, akarudi nyumbani akasema huyu anaheshimu kazi yake, apewe mtoto. Akapewa. Papa Jean-de-Dieu hakuishi sana baada ya harusi, na mama akabaki peke yake.

Sasa kwa watu wa kule, mkwe wa kiume na mama wa mke wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkononi, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Chumba anacholala mama mkwe, mkwe hakijui hata kwa jicho. Ndiyo sababu Isidore, alipomjengea mama huyo nyumba nyuma ya yake baada ya msiba, aliuelekeza mlango wake upande wa msitu, ili asubuhi wasije wakafungua milango wakatazamana wana miswaki midomoni. Wakiwa na neno, lilipitia kwa Bénédicte hata kama wote watatu wako ua mmoja. "Bénédicte, uliza bwana yako kama alikula." "Mwambie Mama nimekula." Na Bénédicte ameinama katikati anamenya muhogo, anarudia kila neno kana kwamba wale wawili wako milima miwili.

Mama Colette alikuwa na kompyuta ndogo aliyopewa na walimu wenzake siku ya kustaafu. Ndani yake mlikuwa na sauti ya Papa Jean-de-Dieu. Bénédicte alikuwa amemrekodi mzee kabla hajaugua, akiimba nyimbo za kanisa kwa Kinyanga, akitaja mitego ya msituni mmoja mmoja na namna ya kuutega, akicheka, akikohoa. Kila mchana jua likiwa kali mama alijifungia chumbani, kwa kuwa waya wa sola uliingilia dirisha la chumbani, akaiweka mashine kitandani, akajilaza kando yake kumsikiliza mumewe. Mpaka betri ilipokufa. Kompyuta ikawa inaishi kwa waya tu, na Itebero mawingu hayakosekani. Wingu likipita juu ya paa, mzee anakatika katikati ya wimbo.

"Umwambie bwana yako," mama alimwambia Bénédicte siku moja, na Isidore yuko hatua chache anapasua kuni. "Wingu ikipita, baba yako anakufa tena. Kila siku namuzika."

Isidore aliposikia hivyo shoka lilimtulia mkononi. Alimpenda yule mzee. Lakini tusimpambe: pamoja na upendo, aliona nafasi. Miaka yote hiyo alikuwa mkwe wa kuvumiliwa. Paa lilikuwa lake, kuni zilikuwa zake, na bado alijua kwamba ndani ya nyumba ile anaitwa mtu wa carré. Alitaka, walau mara moja, kuwa mkwe ambaye mama anamtaja kwa jirani.

Kazi yenyewe aliijua. Aliizima mashine, akachomoa waya, akaigeuza juu ya kitambaa cheupe. Kila skrubu aliyoitoa aliilaza juu ya kitambaa mahali pake, zikae kama zilivyokaa, maana ndefu ikirudi mahali pa fupi inatoboa. Kifuniko alikibandua kwa ubapa wa mwanzi, si kwa kisu. Kichwa cha betri alikisukuma taratibu kikatoka, bila kuvuta nyuzi. Na betri ilipokuwa mkononi, alisoma yaliyoandikwa mgongoni kwake: namba ya aina, volti, jina la kiwanda. Wateja wake wote waliijua hotuba yake hiyo. Betri haichaguliwi kwa sura. Namba ifanane herufi kwa herufi, volti iwe ile ile, kichwa kiwe kile kile, matundu ya skrubu yakae mahali pake. Kimoja kikikataa, iache dukani. Akaifunga betri kuukuu katika kipande cha kitenge, akapanda pikipiki kwenda Hombo.

Hombo kulikuwa na Jeannette, muuza vipuri vinavyopanda kutoka Bukavu. Jeannette aliipokea ile betri, akaisoma, akaingia chini ya meza, akaibuka na mbili. Ya kwanza ilikuwa imefifia maandishi kidogo, lakini namba ilifanana mpaka herufi ya mwisho. Ya pili iling'aa. Herufi za mwisho zilikuwa tofauti, na mgongoni iliandikwa nguvu kubwa kupita ya kwanza mara nyingi.

"Kaka Isidore, njo hii," Jeannette akamwambia kwamba ndiyo hiyo, akiisukuma ile ya kwanza. "Ingine ilikuya mu mizigo ya mutu, siijue muzuri."

Hapo mambo yangekwisha. Angeichukua, angeshukuru, angerudi nyumbani, na leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini pale dukani kulikuwa na wanaume waliokuwa wakingoja lori, na mmoja wao akapaza sauti: "Eeh! Si huyu ni Balance? Balance wa Bisie!" Wengine wakageuka. Walikuwa wenzake wa zamani wa mashimoni, wamezeeka kidogo, wamechakaa kidogo, na macho yao yaliwaka kumwona kama walioona ujana wao wenyewe umeshuka kwenye pikipiki. "Pima basi, tuone kama mukono ungali!"

Akapima. Aliweka moja huku na moja huku, kisha akazihamishia zote kwa zamu katika mkono wa kuume, akapandisha, akashusha, akafumba jicho moja. Ile iliyofanana ilikuwa nyepesi. Ile ya kung'aa ilijaa mkononi vizuri, nzito, kama konzi ya madini safi.

"Hii njo iko na kitu ndani," akasema. "Ile ingine ni mupepo tupu."

Wakapiga makofi. Jeannette peke yake hakupiga. "Batterie haiko majiwe, kaka," alisema. "Soma namba."

"Dada, huu mukono haudanganyikake."

Wanaume wakacheka, Isidore akacheka nao, na akaondoka na ile nzito.

Nyumbani betri haikukaa. Kulikuwa na vijino viwili vya plastiki vya kuishika, kimoja kikagongana nayo. Mteja angemletea kazi ya namna hiyo, angemrudisha alikotoka na betri yake. Yeye akachukua kisu, akakikwangua kile kijino. Kifuniko nacho kikagoma kulala, akakibana kwa goti ndipo skrubu zikashika. Goti likiingia katika kazi ya kompyuta, fundi yeyote anajua anaambiwa nini, na Isidore alijua. Kanuni yake ya mwisho ni kwamba betri mpya ichajiwe mara ya kwanza juu ya meza tupu, fundi ameketi mbele yake anaigusa na kuinusa mpaka ijae. Hakuifanya hiyo pia. Ilikuwa Jumapili, mama alikuwa amealika wanawake wa kwaya waje kumsikia marehemu, na walikwisha kuketi kwenye mikeka.

Na ilifanya kazi, ndiyo ubaya wake. Papa Jean-de-Dieu aliimba, wingu likaja, wingu likapita, na bado anaimba. Mama Colette alijifunika uso kwa kitenge. Mapendo, kiongozi wa kwaya, alipiga vigelegele. Isidore alikuwa nyuma ya nyumba, mahali pa mkwe, akisikiliza ukutani, na kwa masikio yake alimsikia mama akisema: "Ni mukwe wangu alitengeneza." Jioni ile mama alichinja jogoo. Firigisi ya jogoo katika nyumba ile ilikuwa ya Papa Jean-de-Dieu, na tangu alipokufa hakuna aliyeila. Ilipikwa ikapewa paka. Siku hiyo Bénédicte aliileta juu ya sahani iliyofunikwa, akaiweka mbele ya mumewe, akasema kwa sauti ya chini: "Mama anasema iko yako." Isidore aliila. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu, akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo hata siku ya harusi yake.

Baada ya siku chache Bénédicte akasema, katikati ya maongezi mengine, kwamba mashine ya mama siku hizi ikiwekwa mezani inatikisika kama meza ina mguu mfupi.

Isidore aliacha kutafuna. Meza ile aliitengeneza yeye, na miguu yake ilikuwa sawa. "Inapata moto?" akauliza.

"Kidogo. Mama anasema inamupashaka miguu."

Alijua palepale. Hakuna fundi ambaye angesikia hayo asijue. Betri ilikuwa inavimba tumboni mwa mashine, na betri iliyovimba haichajiwi tena hata kidogo. Inatolewa, inapelekwa mbali na watu, basi. Ilimpasa kuinuka pale pale na kusema ileteni. Badala yake akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema: "Ni mupya. Itazoea. Lakini asiichomeke sana."

Kutoka siku hiyo hakupata usingizi mzuri. Kuiomba mashine kulimaanisha kusema sababu, na sababu ilikuwa moja. Alijipangia njia za kuponyokea: ataenda Hombo kimyakimya anunue ile nyingine, atasema anataka kuipangusa mashine vumbi, atabadilisha bila mtu kujua. Kila asubuhi akawa na kazi ya haraka kibandani. Kila jioni akajiambia kesho. Na kila mchana, jua likiwaka, alisikia wimbo wa mzee ukipenya ukutani, na badala ya kumfariji ulimchoma. Aliona haya kwa mkewe, aliona haya kwa marehemu aliyekaa siku nzima kibandani akasema kijana anaheshimu kazi yake. Lakini kwa vile haya hizo zilikuwa za siri, aliziacha ziendelee. Aliogopa zile za mbele za watu.

Ikafika Jumapili nyingine. Bénédicte na watoto walikuwa misani. Mama Colette hakwenda kwa kuwa goti lilimsumbua, na Isidore alibaki akidai ana kazi. Jua lilikuwa kali. Alikuwa anapita nyuma ya nyumba ya mama na ndoo ya maji alipoisikia harufu. Ilikuwa tamu, kali puani, mfano wa rangi ya kucha, ikitoka dirishani mwa chumba cha mama. Wimbo ulikuwa unaendelea.

Akaitua ndoo. "Mama!" akaita, lakini kwa sauti ya mkwe, ile ya chini, ya kuinamisha kichwa. Hakujibiwa. Alizunguka mpaka mlangoni. "Hodi Mama." Kimya. Akatazama barabarani apate mwanamke yeyote, hata msichana, wa kumtuma ndani. Wote walikuwa kanisani. Na hapo, jambo ambalo baadaye lilimwumiza kuliko yote: alisimama. Alifunga kifungo cha shati. Alikohoa. Akafungua kinywa kuita tena, akakifunga. Mwanamke mzee amelala kando ya moto alioutia yeye kwa mkono wake, na yeye amesimama mlangoni anatengeneza shati ili asionekane hana adabu.

Kisha akaingia.

Mama Colette alikuwa amelala usingizi wa mchana, kichwa wazi, nywele nyeupe fupi ambazo Isidore hakuwahi kuziona. Mashine ilikuwa ubavuni pake juu ya blanketi, waya umechomekwa. Na juu ya mashine kulikuwa na misale kubwa ya marehemu, kitabu chake cha misa, na juu ya misale pasi ya makaa, ile nzito ya chuma, haina moto ndani, imewekwa tu ikandamize. Isidore aliitazama ile pasi. Hakuna anayekandamiza kitu ambacho hajakiona kimeinuka.

Alichomoa waya. Aliondoa pasi, akaondoa misale. Mama akafumbua macho, akamwona mkwe wake chumbani mwake, akapiga ukelele mdogo na kujitupia kitenge kichwani. "Mama, nisamehe, toka inje," Isidore akasema, naye ameikumbatia mashine kifuani, na joto lake linapenya shati. "Toka, Mama. Iko inaungua."

Aliipeleka mpaka mwisho wa ua, penye udongo mtupu, akaenda mbio kuleta zana na karai la mchanga. Alikuwa na kimbilio moja tu, kwamba moto haujatoka. Kingekuwa chombo cha mteja angekiacha kiungue. Lakini ndani ya chombo hiki alikuwamo mzee. Alipiga magoti, uso ameukwepesha, akafungua skrubu, na safari hii hakuzipanga popote. Kifuniko kiliruka chenyewe. Betri ilikuwa imefura kama tumbo la ng'ombe aliyekufa. Hakuichokoa, hakuikandamiza. Alikitoa kichwa chake kwa mwanzi, akaitelezesha kwenye karai, akalivuta karai kwa fimbo mpaka kando ya shimo la takataka, akarudi nyuma. Hakuwa amefika mbali ilipotoa mlio wa kufoka, ukafuata moshi mweupe, kisha mwali mrefu uliosimama peke yake juani.

Mwali huo ndio walioukuta watu waliotoka misani. Bénédicte alikuja mbio, watoto wakazuiwa, wanawake wa kwaya wakajaa uani wakikohoa. Mapendo alimwona Mama Colette amesimama nje mzima, akamwona Isidore na shati lililobabuka kwa joto kifuani, na hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Aliingia mpaka mu chambre ya kulala juu ya kumuokoa!" akawatangazia wote. "Mukwe wa kweli njo huyu! Nani kati yenu mwenye mukwe kama huyu?"

Wakampa mikono. Mzee mmoja alimshika bega akasema desturi ni desturi lakini moto ni moto. Isidore alikuwa ameinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu, wakamsifu na kwa huo. Alingoja Mama Colette aseme. Sauti ya mama ilitoka penye mlango wake, tulivu, ya darasani. "Njo vile. Mukwe wangu ameniokoa. Mungu amubariki." Sifa aliyoitamani kwa miaka yote ilitamkwa mbele ya nusu ya parokia, na kama ardhi ingefunguka angejitumbukiza humo mwenyewe.

Walipoondoka alichukua kijiti akachokoa majivu yaliyokwisha kupoa. Makasha ya betri yalikuwa yamepasuka. Kati yao kulikuwa na kitu kingine kilichofungwa ndani ya betri yenyewe, kifurushi kilichoungua ganda, na ndani yake kigumu cha rangi ya udongo. Alikibonyeza kwa kijiti kikavunjika, kikamwagika.

"Hii ni nini?" Bénédicte akauliza, amesimama nyuma yake.

"Muchanga."

Bénédicte aliutazama, akautazama mkono wa mumewe, akaingia ndani. Angemcheka ingekuwa nafuu.

Jioni kulikuwa na harufu ya jogoo tena. Bénédicte akaleta sahani iliyofunikwa, akaiweka mezani. Isidore hakuhitaji kufunua. "Mama anasema—"

"Najua anasema nini."

Aliketi mbele ya sahani ile mpaka mvuke ukaisha. Kisha akaibeba, akazunguka nyumba, akafika penye mlango uliotazama msitu. Ulikuwa wazi nusu, na mama alikuwa ndani. Aliiweka sahani kizingitini, kama inavyowekwa kitu cha mkwe, akaketi chini nje akiupa mlango mgongo.

"Mama," akasema, na hakukuwa na Bénédicte katikati. "Nilijua. Tangu ile siku mashine ilitikisika mu meza, nilijua. Na mule Hombo Jeannette aliniambia nisome namba, nikakataa, juu watu walikuwa wananiangalia. Na leo nilisimama hapa kwanza. Nilifunga shati."

Akadhani amemkasirisha vibaya. Halafu kiti kikalia.

"Na mie nilijua, mukwe," Mama Colette akasema. "Siko kipofu. Niliona inainuka, nikaweka misale. Misale ikashindwa, nikaongeza na pasi."

"Juu ya nini haukuniuliza, Mama? Hata kwa Bénédicte?"

"Nilituma Bénédicte akuambie inatikisika. Ukasema itazoea. Ningeuliza tena, ungepata haya. Ulikuwa umeshakula firigisi."

Isidore aliinamisha uso magotini. Mkono wake wa kuume ulikuwa umelala pale chini mchangani, na hakuutazama. Mama huyu, aliyemwogopa kuliko wanajeshi wote aliowahi kukutana nao barabarani, alikuwa akijilaza kila mchana kando ya kitu kinachovimba, akikifunika kwa kitabu cha Mungu na chuma, asije akamwaibisha mtu wa carré.

"Kesho utarudi Hombo," mama akasema. "Utaenda na Bénédicte. Yeye njo atasoma namba, wewe utabeba."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa kula. Itapoa."

Alinyoosha mkono nyuma, akaigusa sahani bila kugeuka, akaisukuma ndani kupita kizingiti. "Kula wewe, Mama," akasema. "Mimi bado."

Baadaye kidogo akasikia sahani ikiburutwa, na kifuniko kikitolewa. Akabaki pale nje, mgongo mlangoni kama desturi inavyotaka, akimsikiliza mama mzee akiitafuna firigisi ile ngumu polepole, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.